Mazizi Matano

Jumatatu, saa nne na robo, masjala ya wizara, Mtumba,
napanga mafaili ya likizo kwa herufi.
Naftali akaingia ameishika simu
kama mtu aliyebeba yai lililopasuka.
"Dada Perusi, imeshuka tena."
Hakusema nini. Jengo zima linajua.

Alinunua kwa elfu moja na mia mbili.
Alitia vyote: mkopo wa benki wa miaka sita,
pesa za bati za nyumba ya Nkuhungu,
hadi ada ya Yedidia, kidato cha tatu.
Hisa za kampuni moja.
Moja.
"Ilikuwa inapanda, dada,"
kana kwamba kupanda ni tabia ya kitu, si safari yake.

Leo ni mia saba na themanini.
Nje, vumbi la Septemba linajisokota, linasimama wima uwanjani,
linainua mfuko wa plastiki juu kuliko bendera,
kisha linauachia.
Niliutazama ukishuka. Sikumwambia kitu.

Na mimi si shujaa, niliseme hilo mapema.
Mwaka wangu wa kwanza niliamka saa tisa usiku
kuangalia bei, soko lenyewe limelala fofofo.
Ziliposhuka shilingi arobaini nikampigia dalali, sauti inatetemeka:
uza, uza zote.
Miezi mitano haikuisha, zikapita pale nilipozinunulia,
gawio likatoka, likaenda kwa mtu nisiyemjua.
Natumaini alinunulia godoro.

Baba yangu hakuwa mtu wa mafumbo.
Sikumbuki akigawa busara. Aligawa ng'ombe.
Watatu Bahi. Wawili kwa shemeji yake, Mvumi.
Mmoja wa pembe iliyovunjika akampeleka Hombolo,
kwa mtu ambaye hata salamu hawakupeana vizuri.
Wengine Mpwapwa, na wachache nyumbani, wa kutuzuga macho.
Tuliona aibu sisi watoto:
zizi letu samadi nyingi, ng'ombe kidogo,
wapita njia wakituhesabu na kutuhurumia.

Ndipo mvua ikagoma.
Wa Bahi wakafa wote. Ngozi zikaletwa kwa baiskeli.
Baba akazipanga uani, akazigeuza mojamoja,
akala ugali wa uwele kwa mlenda, akalala.
Tulilia Bahi, tukakamua Mvumi.

Sikuielewa ile hesabu mpaka nilipokuwa na simu
na rangi nyekundu ndani yake.
Sasa nina hatifungani, haichekeshi wala hailizi.
Nina akiba ya saccos.
Nina hisa za benki, za saruji, na za bia, ingawa sinywi.
Nina magunia manne ya uwele stoo, Ipagala,
kwa sababu hisa haisagwi.
Na ada haiingii sokoni. Ada ina bahasha yake,
imeandikwa jina la mtoto kwa kalamu ya wino.

"Niuze?" Naftali bado amesimama.
Sijui, nikamwambia. Kweli sijui.
Ada inalipwa lini?
"Januari."
Basi uza za ada tu. Zilizobaki zifungie, uzime simu.
"Na zikipanda kesho?"
Utaumia.
"Zikishuka?"
Utaumia pia, ila Yedidia atakuwa darasani.

Akacheka kidogo, kicheko cha mtu aliyekanyagwa,
akatoka bila kufunga mlango.
Mfuko ulikuwa umenasa kwenye mwiba wa mgunga,
ukijaa upepo, ukinywea, ukijaa.

Nikarudi kwenye herufi. M. N.
Faili lake nalo lipo:
siku ishirini na nane za likizo,
hajagusa hata moja.